Kahawa Imefika

Jumatano ya Majivu, 27 Februari 1974

Mama Mkuu amenipa daftari hili niandikie mvua. Jana walisimika kipima mvua nyuma ya jengo la upasuaji, na kila asubuhi saa tatu natakiwa nisome milimita na kuziandika. Nilimwuliza kwa nini mimi, wakati hospitali nzima ina masista wa kutosha. Akasema, "Kwa sababu Georgina hasahau kitu." Ni kweli. Hata mabaya sisahau.

Mvua haiwezi kumaliza kurasa mia mbili. Zitakazobaki ni zangu.

Mvua: hakuna. Majivu kipajini, njaa tumboni.

Alhamisi, 28 Februari

Mvua: milimita 2, wala haikulowesha vumbi.

Kwa atakayeliokota daftari hili siku moja: mimi ndiye ninayewalaza watu. Daktari hukata, mimi hukaa kichwani pa mgonjwa na barakoa ya waya iliyofunikwa shashi, nadondosha etha tone baada ya tone. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na minne. Yaliyomo tumboni mwa watu huyasikia tu kwa mdomo wa daktari. Kazi yangu ni uso. Namwambia mgonjwa ahesabu, tena ahesabu kwa Kihaya, maana Mhaya akihesabu kwa Kiswahili anajikaza kama yuko mbele ya mwalimu na etha yangu inapotea bure.

Daktari wetu mpya, Ndyamukama, alifika Januari. Ni mwenyeji, wa kwanza hapa. Waliomtangulia wote walikuwa wazungu. Viatu vyake vinang'aa hata siku ya tope. Hajui bado kumsikiliza mtu aliyemtangulia kazini, yaani mimi.

Jumapili, 3 Machi

Mvua: milimita 9.

Burhani, dereva wetu, alirudi toka kwake Rwamishenye akiwa na samaki na umbea. Anasema huko bondeni Ngenge kijiji cha ujamaa cha mdogo wangu kimelima ekari nyingi mpaka mkoani wamekisifu. "Bi Georgina, hongera, nduguyo kawa mtu mkubwa."

Nikamwambia mimi sina ndugu mkubwa wala mdogo.

Ninaye mmoja. Anaitwa Philbert, nami humwita kwa cheo chake cha kijiji, Mwenyekiti. Mwaka wa sabini aliacha kibanja cha baba kule Kagoma, migomba na kahawa iliyokwisha kuzaa, akaenda kufyeka pori Ngenge na vijana wenzake. Uhuru na kazi, alisema. Mama akabaki peke yake na migomba. Mama alipofariki, Novemba ya mwaka juzi, nilituma mtu siku ileile. Mwenyekiti alikuwa anasubiri mgeni kutoka mkoani. Tulizika mimi na majirani. Akatokea siku ya tatu, tope mpaka magotini, akaninyooshea mkono. Mkono ule niliuacha hewani. Tangu hapo hatujasemezana.

Jumanne, 5 Machi

Mvua: milimita 31.

Saa kumi jioni Burhani alileta kijana kutoka kijiji kilekile cha Ngenge. Jina lake Bartholomayo, miaka ishirini na miwili. Walimbeba kwa engozi, machela yetu ya kusuka, mpaka barabarani, na kaka yake, Kashaija, alimpakata njia nzima ndani ya Land-Rover. Jana alilima vizuri na jioni alikula vizuri. Alfajiri maumivu yakamwangusha. Anatapika, jasho baridi, mapigo mia na arobaini.

Daktari akasema ni msokoto wa utumbo mpana. Huo tunaujua huku, wazee walao ndizi huja nao kila mara: utumbo unajisokota, hewa inanasa, tumbo linakuwa ngoma. Daktari hupitisha mpira kwa nyuma, hewa inatoka kwa kishindo, na mzee anaomba chai. Leo mpira ulipita na hakikutoka kitu. Akaupitisha tena. Bado.

Nikasema, "Daktari, huyu si kama wale. Wale huja wamevimba na bado wanagombana na wake zao. Huyu hakuvimba hivyo, lakini uso wake umeisha."

"Nesi Georgina," akanijibu, "msokoto hautambuliwi kwa uso. Tumpe maji ya mishipa, kesho asubuhi tutafungua."

Jumatano, 6 Machi

Mvua: milimita 14.

Tumemfungua saa mbili na nusu. Hakuweza kuhesabu, nilimlaza kwa matone machache kuliko ya mtoto. Daktari alikata. Halafu akamwita Mungu kwa Kihaya.

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilinyanyuka kwenye kigoda changu nikatazama. Utumbo mwembamba ulikuwa umeuzunguka utumbo mpana shingoni, ukapita chini, ukajifunga. Fundo kamili, kama la mtu aliyefunga mbuzi. Yote mawili yalikuwa meusi. Daktari akajaribu kulifungua kwa vidole, polepole. Lilipoachia kidogo tu, harufu ikajaa chumba, na mapigo yakaanza kukimbia chini ya kidole changu. Saa tatu na dakika kumi yalisimama.

Kashaija alikuwa amekaa nje kwenye ngazi. Nilienda mimi kumwambia, kwa sababu daktari alikuwa bado anaosha mikono, na aliiosha muda mrefu sana.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua: milimita 12. Daktari haji kunywa chai.

Jumapili, 10 Machi

Mvua: milimita 20.

Baada ya misa nilikwenda kufunga madirisha ya chumba cha upasuaji, nikamkuta Ndyamukama ameketi sakafuni. Mbele yake kitabu kinene na kamba mbili za mgomba, moja nene na moja nyembamba, alizozifungia mguu wa meza. Viatu vichafu.

"Kitabu kizima kina nusu ukurasa tu juu yake," akasema. "Mwalimu wangu aliliona mara mbili maishani. Tazama. Hii nyembamba inazunguka hii nene. Ukisukuma mpira kwa nyuma hauwezi kufika, fundo limeziba. Na likishakuwa jeusi hulifungui. Ukilifungua, sumu yote iliyonaswa mle inaingia mwilini kwa mara moja. Unalikata lilivyo, limefungwa hivyohivyo, unalitoa." Akaigusa ile kamba nyembamba. "Mimi nililifungua."

Akaniinulia macho.

"Tena uliniambia uso umeisha. Nilikusikia, nikajifanya sikusikia."

Nilikaa sakafuni nami, na joho langu jeupe. Daktari mzungu wa mwisho alikaa hapa miaka tisa na hakuwahi kuniambia neno la namna hiyo.

Burhani akachungulia dirishani, akauliza tunafunga mbuzi gani. Tukamweleza. Akaacha utani. Akasema mjomba wake alikufa hivyo mjini, mwezi wa Ramadhani. "Mchana kutwa tumbo tupu. Adhana ya magharibi ikilia mtu anashindilia kama anafunga gunia. Kesho yake alfajiri kelele, jioni tukamzika. Bibi alisema matumbo yamefungana. Sisi tukadhani ni maneno ya kizee."

Daktari akamfanya alisimulie jambo hilo mara tatu.

Jumatano, 13 Machi

Mvua: milimita 26. Barabara ya bondeni inaanza kuliwa.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua: milimita 8.

Tena Ngenge, tena kijiji kilekile. Safari hii mwanamke, Joviana, mama wa watoto watatu. Maumivu yalianza alfajiri, saa nne alikuwa mezani petu. Daktari hakupitisha mpira wowote. Alinitazama mimi, nikatazama uso wa Joviana, nikasema, "Ndiyo yenyewe." Alikata saa ileile.

Alihesabu mpaka kumi na moja. Kwa muda wa saa mbili na nusu nilidondosha etha, nikisikia sauti ya Ndyamukama: fundo ndilo lilelile, halijawa jeusi lote, sifungui, nakata hapa, nakata hapa. Aliunganisha utumbo mwembamba, na ule mpana akautolea mdomo ubavuni, utarudishwa ndani baadaye. Joviana anapumua. Nimemwimbia wimbo wa mama, na mimi siimbi.

Jumapili, 17 Machi

Mvua: hakuna.

Joviana amefungua macho na kuuliza nani analisha kuku wake.

Kashaija, yuleyule aliyempoteza mdogo wake, ndiye aliyemsindikiza. Daktari alimwita ofisini nami nikiwepo, akamwuliza wanakula nini na wanakula lini. Kashaija akaeleza. Wakati wa kupanda wanaamka gizani, wanaingia shambani wote, wanawake kwa wanaume, mpaka jua linazama. Hakuna anayebaki kupika mchana. Jioni linapikwa sufuria moja la kijiji kizima, ugali wa unga wa njano na maharage, kila mtu anakula cha kutwa nzima kwa pamoja, kisha analala. Imekuwa hivyo tangu Januari.

"Nani aliamua?"

"Mwenyekiti alitoa hoja, waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya. "Sote tukainua mikono."

Daktari alisema hana uhakika wa kuapa, lakini watu wawili katika wiki mbili, kijiji kimoja, si bahati mbaya. Tumbo tupu mchana kutwa, likijazwa ghafla, utumbo mwembamba unakuwa mzito na kurukaruka, unauzunguka ule mwingine. Watu na wale mchana, hata kidogo. Kashaija akaitikia. Daktari akanigeukia. "Mwenyekiti ni ndugu yako. Nawe mwandikie. Wewe atakusikia."

Nikasema nitaandika.

Kashaija alinifuata uani. Akatoa kifuko cha jani kavu la mgomba kilichofungwa vizuri. Ndani akamwani, buni zetu za kutafuna, zilizochemshwa na majani yanukiayo, kavu, kazi ya mikono ya Kokugonza, mke wa Mwenyekiti. "Mwenyekiti amekuletea. Anakuomba umtumie neno."

Kwetu, anayekupa kahawa anakuomba amani. Ukiitafuna, yameisha. Nilikipima kifuko kile mkononi. Niliiona ile siku ya tatu, ule mkono, lile tope. Kashaija alikuwa anasubiri.

Nikasema, "Mwambie kahawa imefika."

"Neno hilo tu, waitu?"

"Hilo tu."

Nimekiweka kifuko kwenye saraka. Sikutafuna hata punje. Hayo ya chakula nitaandika kwa barua, kwa utulivu, kama mtumishi wa serikali anavyomwandikia mwenyekiti wa kijiji. Jumapili nitaandika.

Jumanne, 19 Machi

Mvua: milimita 40. Joviana amekunywa uji.

Jumapili, 24 Machi

Mvua: milimita 17.

Nimeanza: "Ndugu Mwenyekiti." Nikachana. Nimeanza: "Philbert, kama uliweza kumwacha mama afe peke yake, basi angalau." Nikachana hiyo pia, si barua ya hospitali. Jumapili ijayo.

Jumatano, 27 Machi

Mvua: milimita 22.

Joviana anaongea kama redio. Anasema Mwenyekiti hula wa mwisho, sufuria likishakwanguliwa. Anasema mtoto akipata homa yeye ndiye huendesha baiskeli kutafuta dawa. Anasema kwenye mikutano watu wakilalamika juu ya wauguzi wa serikali, husema, "Mimi nina dada pale kwenye hospitali ya misheni. Hana adabu, lakini hasemi uongo."

Nilicheka kabla sijajizuia. Halafu nikaudhika, kwa kuwa ni kweli kwamba sina adabu.

Jumapili, 31 Machi

Mvua: milimita 35. Nimefua. Sikuandika.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua: milimita 48, kubwa kuliko zote.

Burhani alipitia dirishani kwangu. Kesho anapeleka chanjo mpaka ukingo wa maji, mahali barabara ya Ngenge ilipokatika, na watu wa huko watakuja kuzipokea kwa miguu. "Una barua, Bi Georgina? Daktari kaniuliza kama umeshampa nduguyo habari."

"Bado."

"Basi nisubiri uandike? Dakika tano tu."

Nikamwambia barua yangu si ya dakika tano. Akanitazama, akavuta kofia yake, akaenda zake.

Jumapili ya Matawi, 7 Aprili

Mvua: milimita 29. Hata nikiandika sasa, nani ataifikisha? Maji yamefunga njia. Na Kashaija alishasikia yote kwa mdomo wa daktari. Watakuwa wanakula mchana zamani, nami najisumbua bure.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua: milimita 33.

Ijumaa Kuu, 12 Aprili

Sikusoma mvua asubuhi, na mchana sikupata nafasi.

Saa tisa masista walikuwa kanisani. Nilisikia honi ya Burhani tangu chini kilimani, haikuachia mpaka mlangoni. Wanaume wanne walishuka wakiwa wamelowa mpaka kifuani. Wa kwanza alikuwa Kashaija. Nikajua kabla hawajafunua blanketi.

Alhamisi jioni walikula, baada ya siku mbili za palizi. Maumivu yalimwamsha alfajiri. Walimbeba kwa engozi, wakavuka maji wakiiinua juu ya vichwa, saa saba za kutembea, ng'ambo ndiko Burhani alikokuwa anasubiri wagonjwa wengine. Philbert. Sura ya mama, ndevu za baba. Ule uso nauandika hapa kwa sababu ni kazi yangu kuziandika nyuso: macho yameingia ndani, pua imechongoka, midomo ya kijivu. Umeisha.

Daktari alinivuta pembeni. "Naweza kumwita Sista Datia ashike etha."

"Sista Datia hamjui," nikasema. "Nitamlaza mimi."

Nikakaa kichwani pake. Akafungua macho, akanitazama kinyumenyume, kama wagonjwa wote wanavyoniona.

"Dada."

"Nipo."

"Kahawa ilifika?"

Nikasema ilifika.

"Nashukuru," akasema. Basi. Nikamwekea barakoa. Nilimwambia ahesabu, naye, Mwenyekiti mpaka hapo, akaanza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mkutano: moja, mbili, tatu. Alipofika nne akahamia Kihaya, kisha sauti ikawa ya yule mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa punje za maharage jikoni kwa mama. Hakufika kumi.

Jeusi lote. Daktari hakulifungua. Alikata futi tisa za utumbo mwembamba na kipande kirefu cha ule mpana, vimefungana hivyohivyo, akavitia kwenye beseni. Kijana huyu nilimdharau kwa ajili ya viatu.

Alipomaliza akasema, "Fundo tumelitoa. Sumu iliyokwisha ingia damuni, hiyo sijui." Hakunificha.

Jumamosi Kuu, 13 Aprili

Homa. Mkojo kidogo sana. Kokugonza amefika kwa miguu. Tumeshikana mikono.

Pasaka, 14 Aprili

Aliamka asubuhi kengele zikilia, akili timamu kabisa. Kokugonza alikuwa ameenda misa. Nilimlowesha midomo kwa pamba.

"Ile siku ya mama," akasema.

"Lala, Philbert."

"Sikia. Siku ya kwanza nilimsubiri mgeni. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Siku ya pili nilitoka, maji yakawa yamekata njia. Nilizunguka kwa miguu usiku na mchana. Ndiyo maana siku ya tatu." Akapumzika. "Nilitaka nikwambie pale kaburini. Hukunipa mkono."

Msimu huu wote nimeyapima maji haya kwa milimita kila asubuhi. Najua jinsi njia ile inavyokatika. Sikuwahi kukaa nikajiuliza ile Novemba mvua ilikuwa kiasi gani.

Niliushika mkono wake. Nikauweka kwenye shavu langu, nikalia mbele ya wadi nzima, mimi Georgina. Akasema, "Basi, dada. Basi, waitu," kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Jumatatu ya Pasaka, 15 Aprili

Amefariki saa kumi na mbili asubuhi. Kokugonza alikuwa ameshika miguu, mimi kichwa.

Jumatano, 17 Aprili

Tumemzika Ngenge. Nilitaka Kagoma, kando ya mama, kwenye kibanja, kama inavyompasa mwana wa kiume. Kokugonza akasema Philbert mwenyewe alichagua udongo huu. Sikubishana. Daktari alikuja, akavuka maji kwa miguu na viatu vyake mkononi. Burhani alichimba pamoja na vijana wa kijiji. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona kwenye mazishi ya mkulima.

Nimelala nyumbani kwao.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo sikuona moshi wa jiko mchana kutwa. Jioni likaletwa lile sufuria moja, watu wakapakua milima ya ugali. Nilimshika Kokugonza mkono nikamwuliza, kwani Kashaija hakuleta maneno ya daktari?

"Aliyaleta. Tulikaa kikao. Sisi wanawake tulitaka jiko la mchana. Wengine wakasema daktari yule ni mtoto, ndiye aliyemsubirisha Bartholomayo mpaka akafa, na tukipunguza watu shambani mvua itatupita. Kelele nyingi. Philbert akasema subirini. Akasema, 'Nimemwomba dada yangu neno. Yeye ndiye anayewalaza wagonjwa wote pale, na ameona matumbo hayo kabla yetu.' Akamwuliza Kashaija mbele ya watu wote, dada amesema nini? Kashaija akasema, amesema kahawa imefika. Hakuna kingine? Hakuna kingine."

Alikuwa anapangusa bakuli, hakunitazama.

"Philbert akafurahi sana. Akatuambia, 'Mnamjua Georgina? Angekuwa ameona hatari angeniandikia hata kwa kunitukana. Ameridhika. Tuendelee.' Tukaendelea."

Siwezi kuandika zaidi leo.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimeshinda nyuma ya nyumba. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawakusema ndugu mmoja akiwa amekwisha patana, naye mwenzake hajui, yule mwingine afanye nini.

Kokugonza hajui. Anadhani sikujua lolote siku ile. Ningeweza kupanda gari la Burhani kesho na asijue milele. Nimelifikiria hilo, naliandika ili nisije nikajidanganya kwamba sikulifikiria.

Jumamosi, 20 Aprili

Asubuhi nilimwomba Kashaija agonge chuma kinachowaitia watu mkutano, ringi ya lori iliyoning'inizwa mtini. Walikuja na majembe begani. Wanawake hukaa nyuma, mimi nilisimama mbele, kwa vile pale mbele hapakuwa na mtu tena.

Nikawaambia yote. Kwamba siku Kashaija alipopokea jibu langu, nilikuwa nimetoka ofisini kwa daktari dakika hiyohiyo. Kwamba nilimwona Bartholomayo amefunguliwa na Joviana amefunguliwa, nilijua ni chakula cha mara moja, niliambiwa niandike, nikaahidi. Kwamba Burhani alinipa dakika tano. "Mwenyekiti aliniomba neno. Nilikuwa nalo. Nililinyima kwa hasira ya mazishi ya mama yetu. Neno lenyewe ni hili: kuleni mchana. Hata kama ni kiazi kimoja. Hata kama mvua inapita."

Kashaija alikuwa amesimama karibu na chuma, nyundo mkononi. Akasema polepole, "Mimi ndiye niliyelibeba neno lako. Nilikuuliza, hilo tu?"

"Uliniuliza."

Akainamisha kichwa. Halafu akawataja wanawake sita kwa majina, akawaambia waweke majembe chini waende jikoni. Hakupiga kura. Watu wakaenda shambani bila kunitazama, na Kokugonza alienda pamoja nao. Nilibaki nimekaa chini ya ile ringi peke yangu, nikisikia kuni zikipasuliwa.

Kifuko nilikuja nacho. Nikakifungua, nikatafuna punje moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimelegea kwa unyevu wa saraka, lakini harufu ya majani ya Kokugonza ilikuwa bado imo. Nilizimaliza zote.

Saa sita Kashaija akagonga chuma. Watu wakaja wakajipanga, watoto mbele. Ugali ulikuwa mdogo, wa kumtosha mtu kufika jioni. Nilisimama pembeni, maana mimi si wa kijiji kile na baada ya yale niliyosema sikutegemea sahani. Kokugonza alikuja kutoka kwenye mstari. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniwekea mikononi sahani ya bati yenye rangi ya bluu, iliyobanduka ukingoni, iliyochorwa herufi P kwa msumari.

Nilikaa chini na wengine, nikala chote.